Nusu Kijiko cha Chumvi

Jumatatu, 22 Mei 1989

Stensili tatu kabla ya chai. Barua ya wakili. Tangazo la mnada wa ng'ombe. Menyu ya hoteli ambayo haina mgeni hata mmoja. Kutoa riboni kwenye printa, kupachika stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, kuacha sindano zitoboe nta. Kurudisha riboni. Vidole vinajua kazi. Mimi sihitajiki sana.

Kompyuta hii na printa yake Bwana Swaleh, mwenye ofisi, alizinunua hoteli moja ya Mtaliano hapa Malindi ilipofungwa. Bado anawaleta watu waje kutazama. Wanasimama nyuma ya kiti changu, wanaona herufi za kijani, wanasema mashaallah, wanaondoka. Taipureta yangu iko pembeni, imefunikwa kitambaa.

Leo Bwana Swaleh ameniita Bi Esha. Zamani aliniita Mama Nasri, kama watu wote. Wengine bado wananiita hivyo, kisha wanashtuka na kutazama chini. Mimi naitika yote mawili. Ni sauti tu.

Mvua tangu asubuhi.

Jumatano, 24 Mei

Kazi mpya. Sista Kadzo, nesi wa zahanati ya Adu, ameleta maandishi yake mwenyewe. Karatasi ya kuwapa kina mama. Mvua imejaza visima uchafu, watoto wanaharisha huko bara. Anataka kila nyumba iwe na karatasi ukutani: maji yaliyochemshwa lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo. Koroga. Mpe mtoto kidogo kidogo.

Alinieleza yote hayo akiwa amesimama. Hajui habari zangu. Kwa nini ajue, yeye wa Adu.

Nasri aliharisha siku mbili, mwezi wa pili. Nilimpa hayo maji. Nilimpeleka hospitali. Walifanya yote yanayofanywa. Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo watu waliloniambia msibani, nami najua ni kweli, na halinisaidii.

Nimechapa ukurasa mzima bila kosa. Taipureta ilikuwa na kitufe cha nusu. Kompyuta haina. Fundi aliyekuja kuifunga alituonyesha: shikilia kitufe kimoja, piga namba, achia. ½ inatokea kwenye kioo, safi, nzuri kuliko ya taipureta.

Sikulia. Nilingoja nione kama nitalia.

Ijumaa, 26 Mei

Stensili ya Sista tayari. Stensili haisomeki vizuri, ni vitundu tu kwenye nta. Nimesoma kioo, sikusoma nta. Nimetoka mapema, Ijumaa. Bwana Swaleh alisema atadurufu mwenyewe, gari la Sista litapita alasiri.

Nyumbani. Mume wangu, Athmani, amekaa kizingitini. Ni mpishi wa hoteli kule Watamu, lakini msimu wa mvua wanawarudisha wote makwao mpaka wageni waje. Anakaa hapo tangu asubuhi. Mimi napita kando yake kuingia, napita kando yake kutoka. Hatugombani. Hatuna la kugombania.

Jumatatu, 29 Mei

Riboni mpya. Nilichukua karatasi iliyoharibika kikapuni ili nijaribu nyuma yake. Ilikuwa karatasi ya Sista, moja ya zile zilizopita mashineni zimekunjamana. Nikaigeuza.

Chumvi: 4 kijiko kidogo.

Nikasoma tena. Vinne. Wino umejaa pembeni, lakini ni nne. Kiswahili chake kibaya, "4 kijiko". Nani ataangalia Kiswahili mtoto akiharisha.

Nikafungua maandishi kwenye kompyuta. Kioo kinasema ½. Nikatazama karatasi. Nne. Kioo, karatasi. Nilikaa hivyo muda. Mikono ikawa baridi, kisha ikarudi kawaida. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichohisi kwa siku nyingi na kilikuwa mikononi tu.

Nilidhani ni wino. Mashine ya kudurufu ni kuukuu, hulewesha herufi. Nimesafisha, nimedurufu tena kwa stensili ile ile. Nne.

Jumanne, 30 Mei

Si wino.

Nimechapa moja kwa moja kwenye karatasi, bila stensili. Palipo na ½ panatoka alama ya kujumlisha. +. Imelala upande kidogo. Ikipita kwenye stensili na wino mzito, pembe yake ya juu inaziba na inasomeka kama nne.

Nikajaribu robo. Umetoka mkato. Nikajaribu alama ya digrii. Imetoka x. Zote zimelala upande, kana kwamba zinaegemea ukuta. Herufi za kawaida na namba za kawaida ziko sawa. Zinazoharibika ni zile tu za kupiga kwa namba, ambazo hazina kitufe chake. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya na kuurudisha. Nikaandika ukurasa upya kuanzia mwanzo. Kioo ½, karatasi +.

Nimemwambia Bwana Swaleh. Alivaa miwani, akatazama, akaivua.

"Bi Esha, hili jambo dogo. Sista mwenyewe ni nesi. Ataona."

"Hakuziona. Alizichukua zimefungwa."

"Basi kina mama wataonja. Nani atampa mwanawe vijiko vinne vya chumvi? Mtoto atatema."

Hatatema. Nasri ile siku ya mwisho alikunywa kila kitu kilicholetwa karibu na mdomo wake. Angekunywa bahari.

Sikumwambia hivyo. Nilisema Adu hakuna simu, mtu aende. Akasema barabara ni tope, tungoje Sista atakapokuja mwezi mpya. Kisha akashusha sauti: watu wakisikia, watasema kompyuta yake inaandika uongo, na kazi za serikali zitakwenda Mombasa. Si mtu mbaya. Alibeba jeneza la mwanangu. Ila leo nilimtazama mdomo ukienda na nikachoka.

Jumatano, 31 Mei

Nimepiga simu Mombasa, kwa fundi aliyetufungia mashine. Bwana Swaleh hakunizuia. Fundi alinisikiliza, akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Kompyuta haipeleki sura ya herufi, dada. Inapeleka namba. Printa inaitafuta namba hiyo kwenye herufi zake yenyewe na kuchapa inachokikuta. Hiyo yenu kule hotelini waliitegesha iweke herufi za mlalo kwenye namba za alama hizo. Kwa hiyo wewe unaomba nusu, yenyewe inakupa jumlisha ya mlalo."

"Kwa hiyo kioo kilikuwa kinasema kweli?"

"Kioo kinasema kilicho kwenye kioo."

Chini ya kifuniko cha printa, pembeni, kuna vijiswichi vyeupe vidogo kama punje za mchele. Akaniambia kipi. Nilikisukuma kwa ncha ya kalamu. Nikazima, nikawasha. Nikachapa.

½.

Bwana Swaleh akapiga makofi. "Alhamdulillahi, imekwisha!"

Haijaisha. Karatasi ziko Adu. Nilimwambia hivyo mbele ya mteja.  Mimi mwenyewe sikujua kama nina sauti hiyo.

Nyumbani nikamweleza Athmani yote, nikiwa nimesimama hapo kizingitini, buibui bado mwilini. Sijui kwa nini yeye. Hakukuwa na mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho sikukuu, Madaraka," akasema. "Twende."

Akaenda kutafuta viatu vyake vya mpira.

Ijumaa, 2 Juni

Naandika ya jana. Sijaenda kazini.

Tuliondoka baada ya alfajiri. Lori la chumvi lililokuwa likirudi tupu lilitupeleka mpaka Gongoni. Kutoka hapo, pikapu ya mnunuzi wa mahindi. Ilikwama kabla ya kufika Adu. Tukashuka, tukasukuma, ikakwama zaidi. Tukaenda kwa miguu. Tope jekundu linashika mguu na kuunyonya. Athmani alinishika mkono mahali pabaya na kuuachia mahali pazuri.  Nilifikiria viatu. Nilifikiria kwamba sifikirii.

Zahanati ni chumba kimoja cha mawe na veranda. Karatasi yangu ya kwanza niliiona mlangoni, imebandikwa kwa uji. Mvua imeipiga. Ile nne imevimba, imekuwa nyeusi zaidi kuliko maneno mengine yote.

Sista Kadzo alikuwa akipima watoto. Nilimwonyesha. Aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia tena karatasi.

"Hii nimeigawa mwenyewe," akasema. "Kwa mikono yangu. Sikuisoma. Naijua kwa moyo, nisome ya nini?"

Akaibandua. Akamwacha mwanamke aliyekuwa amemshika mtoto kwenye mizani, akatoka. Tukatoka naye. Nyumba hadi nyumba. Wengi hawakuwa wameitumia. Mmoja alikuwa amefungia ugoro. Mmoja alionja yale maji, akatema, akawapa mbuzi na mbuzi wakakataa. Alicheka alipokuwa akitueleza. Nikaanza kudhani Bwana Swaleh alisema kweli.

Kisha nyumba ya Mbeyu.

Tulisikia mtoto kabla ya kufika. Si kilio cha njaa. Kilio chembamba, hakina mapumziko. Mbeyu ni mdogo, pengine huyu ndiye mwanawe wa kwanza. Kazungu, bado ananyonya. Ulimi mkavu. Analia na hakuna machozi. Amekikamata kikombe kwa mikono miwili na hakiachii. Mbeyu akasema anampa yale maji tangu jana, kama karatasi ilivyosema, na kadiri anavyompa ndivyo anavyotaka zaidi. Aliifurahia kiu hiyo. Alidhani ni dawa inafanya kazi.

Sista akaonja. Akamwaga chini, chombo chote. Akamwambia Mbeyu amnyonyeshe hapo hapo, na maji matupu, kijiko kimoja, ngoja, kijiko kimoja. Si kwa haraka. Haraka nayo inaua, akasema. Na hospitali leo leo.

Bibi yake mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliuliza kwa Kigiriama, Sista akajibu, nikasikia jina la Malindi, nikaona Sista ananionyesha kwa kidevu. Yule bibi akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, ili nisikose neno hata moja:

"Ni wewe uliyeiandika?"

"Ni mimi, mama."

"Vinne."

"Mashine ilikosea. Mimi niliandika nusu."

"Mashine." Alinitazama kuanzia miguuni, tope na yote, mpaka usoni. "Wewe huna mtoto. Mwenye mtoto angesoma mara mbili."

 Sikuwa na kitu chochote ndani yangu cha kutoa. Nilisimama pale.

Athmani akasema, nyuma yangu, "Tulikuwa naye."

Hilo tu. Hajawahi kulisema, si kwangu, si kwa mamake. Msibani walimpa pole akaitika kwa kichwa. Niligeuka. Alikuwa anamtazama yule bibi, uso umekauka, mikono imening'inia kama si yake.

"Mwezi wa pili," akasema tena. "Kwa ugonjwa huu huu. Anaitwa Nasri."

Anaitwa. Alisema anaitwa.

 Bibi akainuka, akachukua kanga kambani, akamfunga Kazungu na kumpakata. Hakumpa Mbeyu. Alimpa Athmani.

"Wewe una miguu mirefu," akasema. "Nenda."

Athmani akambeba mpaka kwenye pikapu. Mbeyu nyuma yake, mimi nyuma ya Mbeyu. Wanaume wa hapo walikuwa wameinasua. Njia nzima kijiko kimoja, ngoja, kijiko kimoja. Mimi ndiye niliyeshika kijiko. Gari likiruka, maji yanamwagika kifuani mwake. Nafuta. Tena.

Hospitali walimpokea. Daktari alisema tumefanya vyema kutompa mengi kwa pamoja. Mbeyu hakuniuliza kitu njia nzima. Nilitaka anitukane. Ingekuwa nafuu kwetu sote.

Leo nimelala mpaka adhuhuri. Mwili unauma kwa tope. Ndani, hakuna.

Jumamosi, 3 Juni

Kazungu amepatwa na degedege asubuhi. Nilikuwa mlangoni mwa wodi na uji wa Mbeyu. Nikaona mgongo wake ukipinda. Manesi wakamzunguka, pazia likavutwa. Nikaweka chupa ya uji chini. Nikatoka mpaka kwenye ukuta wa nje.

Kitanda kile kile? Hapana. Cha Nasri kilikuwa upande wa dirisha. Nilihesabu kwa macho kisha nikaacha.

Akifa, nitakuwa nimefanya nini? Niliandika nusu. Nitaandika nusu mpaka siku ya mwisho na haitabadilisha kitu.

Athmani alikuja akasimama karibu. Tukasimama. Baada ya muda nesi akatoka na kusema imetulia, anaangaliwa. Basi.

Jumatatu, 5 Juni

Nimerudi kazini. Bwana Swaleh hakuwapo. Nikaambiwa na wa duka jirani: alikodi gari Jumamosi, yeye mwenyewe, akaenda Adu. Aliporudi alikuwa na tope mpaka magotini.

Aliingia saa ya chai. Akaweka juu ya meza yangu rundo la karatasi. Zimelowa, zimechanika, nyingine zina uji wa kubandikia. Alikwenda mpaka nyumba ambazo sisi hatukufika.

"Zimebaki mbili," akasema. "Moja ilioshwa na mvua ukutani. Nyingine wamevutia tumbaku."

"Ahsante, Bwana Swaleh."

"Yule bibi ameniambia maneno." Akavua miwani. "Maneno, Esha." Akaenda nyuma ya ofisi akazichoma. Mvua ilikuwa nyepesi, zikachelewa kushika.

Nimetengeneza stensili mpya. Sasa printa inatoa ½ safi. Nimejaribu mara nyingi, haikosei. Lakini sikuitumia. Nimeandika kwa herufi: nusu. Nu-su. Na vijiko sita nimeviandika sita. Bwana Swaleh akauliza kwa nini, printa si imepona? Nikasema imepona. Nikaendelea kuandika.

Kisha nikaishika stensili juu ya taa, nikaisoma kitundu kimoja kimoja mpaka macho yakatoka maji. Ni mwanga tu.

Hospitali: bado analala sana. Hana degedege tena.

Alhamisi, 8 Juni

Kazungu ameketi. Shingo bado dhaifu, inayumba. Mbeyu alikuwa amemwegemeza kwenye mto. Aliponiona ninaingia alilia, yaani mtoto, alinililia mimi kwa hofu, na machozi yakatoka. Machozi ya kweli, yanashuka mashavuni. Mbeyu akamgusa shavu kwa kidole, akaninyooshea kile kidole nikione. Kimelowa.

Tukakitazama.

Sista Kadzo amekuja kuchukua karatasi mpya. Aliisoma yote mbele yangu kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye nusu akasimama, akainua macho. Akaendelea. Kabla ya kuondoka akasema mtu wa kumchapia akikosekana Malindi hatajua aende wapi. Nadhani ilikuwa njia yake ya kushukuru. Nimeipokea.

Nimechoka. Uchovu wa kawaida, wa miguu.

Jumapili, 11 Juni

Wameruhusiwa. Gari la zahanati lilikuja kuwachukua. Bibi yake alikuwa ndani, amevaa kanga mpya. Hakuteremka. Alipitisha mkono dirishani akanishika kiganja, akakiminya, akakiachia. Kisha dereva akaondoa gari.

Nilisimama mpaka likapinda. Nikapita sokoni nikanunua mchicha na nazi.

Athmani amepata habari kutoka Watamu, watawaita mwezi ujao. Nilimkuta amewasha jiko uani. Huwa hapiki nyumbani, husema hupika kazini. Alichukua ile nazi mikononi mwangu bila kuuliza, akaivunja, akakaa kwenye mbuzi na kuanza kukuna. Nikachambua mchicha. Jirani ana redio, taarabu inakuja inakwenda na upepo.

Akaniuliza kama nakumbuka Nasri alivyokuwa akila machicha ya nazi, kwa kuyabandika kwenye mashavu.

Nikasema nakumbuka.

Tukala kwenye sinia moja. Wali ulikuwa umeshika chini kidogo.  Alinisogezea ukoko, nami nikaula.

Nimefua buibui. Limeanikwa. Tope jekundu halijatoka lote kwenye pindo.